Ploti ya Ruiru au hisa za Nairobi: Mwekezaji chipukizi aanzie wapi?

KWA wakazi wengi wa Ruiru na Thika, utajiri ni ule wa mawe na saruji. Tangu barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika ikamilike mwaka 2012, mashamba ya kahawa yamegawanywa ploti na maghorofa ya kupangisha yakachipuka. Si ajabu, basi, kwamba anayeanza kuwekeza hufikiria nyumba kwanza, na hisa baadaye, kama atazifikiria.

Nyumba huonekana, na kodi huja kila mwezi. Ugumu huanzia kwenye mtaji. Kando na bei ya ploti na ujenzi, kuna wakili na ushuru wa stempu wa asilimia 4 katika maeneo ya miji. Mwenye vyumba 10 vya Sh6,000 hupata Sh720,000 kwa mwaka iwapo vyote vimejaa. Serikali huchukua asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024, yaani Sh54,000, bila kujali gharama za ukarabati wala riba ya mkopo.

Tena vyumba havijai daima. Vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, wanafunzi walirudi makwao na vyumba vingi walivyopanga Thika na Juja vikabaki vitupu. Mikopo iliyovijenga haikwenda likizo.

Hisa huhitaji mtaji mdogo zaidi. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, kima cha chini kilikuwa hisa 2,000 kwa Sh5 kila moja, yaani Sh10,000. Umati ulifurika, wengine wakiwa na fedha za mkopo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, na kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya Sh5. Aliyekopa alibaki na riba mkononi.

Aliyetumia akiba yake na kustahimili ana hadithi nyingine. Kwa mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2025, kampuni hiyo ilitoa mgao wa Sh1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 2,000 alipata Sh2,400, akakatwa ushuru wa asilimia 5. Hata hivyo, hisa iliyopita Sh40 mwaka 2021 iliuzwa chini ya Sh15 mwaka 2023, na aliyelazimika kuuza wakati huo hakufarijiwa na mgao.

Tofauti kubwa, ambayo madalali wa pande zote mbili hawaitaji sana, iko katika kutoka. Anayeuza hisa kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) hupata fedha zake baada ya siku tatu za kazi. Mwenye ghorofa hawezi kuuza chumba kimoja cha katikati ili alipe karo ya mwanawe.

Hesabu hubadilika kwa aliyerithi ploti Thika. Mzigo mkubwa umeshaondoka, naye anaweza kuanza na vyumba vinne, mradi asivijenge kwa mkopo.