STIMA NI MNYORORO: TUJIFUNZE KUPANGA



Kuna kikundi kimoja cha akina mama hapa Mwea ambacho nilikitembelea zamani kidogo. Walikuwa wamechanga pesa mwaka mzima wakanunua mota ya kukoboa mpunga. Ikaletwa kwa vigelegele. Lakini siku ya kuiunganisha, fundi alitikisa kichwa. Mota ilitaka stima ya nguvu, ile mafundi wanaita thri-fezi, na laini ya pale kijijini ilikuwa ya taa za nyumba tu. Mota ikalala chini ya turubai, na mikutano ikawa ya kulaumiana.

Tusiwacheke. Hata nchi nzima inaweza kukosea hivyo hivyo.

Stima ni mnyororo wa pete tatu: mahali inapotengenezwa, laini kubwa zinazoisafirisha, na transfoma na waya zinazoileta nyumbani. Pete moja ikikosekana, hizo nyingine ni bure. Tena, stima ya gridi si kama mpunga wa kuweka ghalani. Kila dakika, inayotengenezwa lazima itoshane na inayotumiwa.

Tuanze na pete ya kwanza. Mto wetu Thiba, ukishapita mashambani, unaingia Tana penye bwawa la Kamburu. Kwenye Tana kuna vituo vitano vinavyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yale yale yanazungusha mashine za kituo kimoja, kisha yanateremka kwa kingine. Ni mpango mzuri, lakini mvua ikikosa, vyote vinaumia pamoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2000: ukame ulipiga na stima ikagawanywa kwa zamu nchi nzima. Kwa hiyo mvuke wa Olkaria, ulioanza kutoa stima mwaka wa 1981, umeongezwa sana, kwa sababu haungoji mvua.

Pete ya pili ni laini kubwa. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mashine 365 za upepo zilikuwa tayari mwaka wa 2017. Lakini laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekwisha. Mashine zilisimama bure mpaka mwaka wa 2018, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikadaiwa. Si ni ile mota ya akina mama, ila kubwa zaidi?

Mnyororo pia unataka akiba. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma. Mashine za pale zikazimika kwa kuzidiwa, na nchi nzima ikaingia gizani. Mzigo ukiwa mkubwa na akiba ndogo, hata tumbili anatosha!

Pete ya tatu ndiyo yetu. Kikundi kikitaka mashine, kifuate hatua hizi:

1. Soma kibati cha mota: inataka kilowati ngapi, na ni thri-fezi au la?
2. Nenda ofisi ya Kenya Power ukaulize kama laini na transfoma yenu zitaweza. Omba jibu kwa maandishi.
3. Pigeni hesabu yote: kuunganisha, waya, bili ya kila mwezi, na akiba ya matengenezo.
4. Amueni mkiwa mkutanoni, katibu aandike.
5. Mwisho kabisa, nunueni mashine.

Wengi wetu huanza na namba 5, kwa sababu mashine inaonekana na karatasi haionekani. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu.

Maswali ya kujadili: Je, kuna kitu kikundi chetu kilinunua kabla ya kupanga? Ni pete gani iliyokosekana? Nani kati yetu ataenda kuuliza, na ataleta jibu lini?