Kichupa na Mfuko wa Mbegu: Utangulizi wa Elimu ya Chanjo za mRNA

Matatu ya Bungoma ilikuwa haijajaa pale steji ya Kitale, na makanga alikwisha kutuahidi mara tatu kwamba anaondoka sasa hivi. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2021. Miezi miwili nyuma, serikali ilikuwa imezitia Trans Nzoia na Bungoma katika zile kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na magharibi zilizofungiwa ndani kuanzia saa moja jioni, maana korona ilitushika vibaya. Sasa dozi zaidi ya 880,000 za Moderna kutoka Marekani zilikuwa zimetua Nairobi, na redio ya gari haikuwa na habari nyingine.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu, kikapu cha avokado mapajani, aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa biolojia alinigeukia. "Mwalimu, hiyo mnayodungwa imetiwa nini?"

"Ni salama, mama," nikamjibu.

"Sijauliza kama ni salama. Nimeuliza imetiwa nini."

Tulifika Kiminini sijapata jibu la maana, na tulipovuka Kamukuywa alikuwa amelala. Kitabu hiki ni jibu langu, limechelewa. Nimekiandika kwa ajili ya msomaji asiye na maabara wala digrii, mwenye haki kamili ya kuuliza kama mama yule. Fani ninayomkaribisha humu ina majina mengi marefu, lakini mlango wake ni swali lilelile: imetiwa nini, na kiasi gani?

Hilo la kiasi ndilo wengi husahau, ingawa mkulima wa Kitale halisahau kamwe. Mji huu ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, na mahindi chotara ya kwanza kutoka Kitale, yale ya 611, yaliwafikia wakulima mwaka 1964. Tangu hapo kila Machi watu hupanga foleni dukani, wakaugeuza mfuko upande wa nyuma na kusoma: aina ya mbegu, tarehe, dawa iliyopakwa, stika ya kukwaruza ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu. Mbegu imepakwa dawa ya kuua ukungu, ndiyo maana ina rangi, na mfuko wenyewe unaonya isiliwe. Hakuna mkulima anayekimbia kwa kuiona rangi hiyo. Anajua dawa ni ya nini, imewekwa kiasi gani, na ni nani asiyefaa kuigusa. Ukiweza kuusoma mfuko ule, chanjo utaisoma.

Tuchukue chanjo ya Pfizer na BioNTech kama ilivyokuwa mwaka 2021, ile ya kifuniko cha zambarau. Dozi ya mtu mzima ni mililita 0.3. Ndani yake mna mikrogramu 30 za mRNA: gramu moja ukiigawa mafungu zaidi ya 33,000, dozi ni fungu moja. Kisha kuna mafuta ya aina nne. Moja ni kolesteroli, miligramu 0.2, kiini cha yai moja la kuku kina karibu mara 1,000 ya hiyo. La pili, DSPC, miligramu 0.09, ni ndugu wa mafuta yanayojenga kuta za seli zetu. Mawili yaliyobaki ni mageni kweli, na sitaki kuyapitisha chini ya meza: ALC-0315, miligramu 0.43, na ALC-0159, miligramu 0.05. Baada ya hayo kuna chumvi za aina nne, zote kwa pamoja hazifiki nusu ya miligramu. Kisha sukari, miligramu 6. Ni sukari ya miwa, ileile inayokamuliwa kwenye miwa ya Nzoia. Kijiko kimoja cha chai kina miligramu 4,000 hivi. Mwisho ni maji ya chumvi ambayo muuguzi huongeza, mililita 1.8 kwa kila kichupa, ndipo zipatikane dozi sita. Aliyemwona akiongeza maji hayo akadhani dawa inachakachuliwa hakuwa mjinga; hakuna aliyemweleza.

Orodha imekwisha. Hamna zebaki, hamna aluminiamu, hamna yai, hamna gelatini ya nguruwe, hamna kirusi, kizima wala kilichouawa.  Moderna nayo inafanana sana: mikrogramu 100 za mRNA, mafuta yake mageni yanaitwa SM-102, na kati ya vitu vinavyoizuia isichachuke mna asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki jikoni.

Sasa tuulize kila kitu kinafanya kazi gani, maana orodha bila kazi ni kama majina ya wachezaji bila kujua nani ni kipa.

Kazi yenyewe ni ya mRNA. Herufi m inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya mjumbe, na kwa bahati njema Kiswahili nacho kinaanza neno hilo kwa m. Ndani ya karibu kila seli yako, maelekezo ya urithi yamefungiwa katika chumba cha kati, yaani kiini. Seli inapohitaji kutengeneza protini hainyofoi kitabu kikuu. Inanakili ukurasa mmoja, nakala inatoka nje ya kiini, mafundi wanaisoma, protini inatengenezwa, nakala inararuliwa. Nakala hiyo ndiyo mRNA. Ya chanjo ina ukurasa mmoja tu: namna ya kutengeneza ule mwiba ulio juu ya kirusi cha korona. Seli za bega, na za tezi zilizo karibu, zinautengeneza, askari wa mwili wanauona, wanaukariri, na ukurasa unararuliwa, kwa kawaida katika siku chache.

Hapa mfano wangu wa mbegu unafika mwisho, na ni vizuri uvunjikie mahali hapa hasa. Mbegu huota, huzaa, hurithiwa. Hofu kubwa niliyokutana nayo kati ya Webuye na Chwele ilikuwa kwamba chanjo hii "inapandwa" mtuni na kumgeuza yeye na uzao wake. mRNA haioti. Haiingii ndani ya kiini panapokaa kitabu kikuu, haina chombo cha kujiandika humo, na hainakiliwi seli inapogawanyika. Ukitaka kuiona mRNA isiyo ya chanjo, tazama sahani yako: kila sukuma na kila muhindi wa kuchoma una mRNA zake kwa mamilioni, na hakuna aliyewahi kuota majani.

Shida ya mRNA ni udhaifu wake. Vimeng'enya vya kuikatakata viko kila mahali, hata kwenye ngozi ya vidole. Ndiyo sababu ya mafuta. Manne yale hujipanga kuwa matone madogo mno, mRNA ikiwa imefichwa ndani. ALC-0315 ndiyo fundi wa ujanja: katika damu haina chaji ya umeme, lakini tone likishamezwa na seli na kuingia katika kifuko chenye uchachu, inapata chaji, inapasua kifuko, na ujumbe unatoka. Kolesteroli na DSPC hushikilia umbo la tone. ALC-0159 hulivika koti lisigandane na mengine. Sukari inayalinda matone wakati wa kugandishwa.

Na kugandisha kwenyewe kulifanya watu wengi waseme dawa inayokaa kwenye nyuzijoto 70 chini ya sifuri haiwezi kuwa ya binadamu. Nilipoyasikia hayo Bungoma nilicheka kidogo, naomba radhi, kwa sababu kila mfugaji wa maziwa wa eneo hili amemwona mtu wa kupandisha ng'ombe akifika na mtungi wake unaofuka moshi. Mbegu za dume humo zimo katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndama huzaliwa. Baridi haiongezi sumu katika kitu. Inasimamisha saa tu.

Kuna kitu kimoja ambacho orodha ya kwenye karatasi haikionyeshi, na heri ukisikie kwangu kuliko kwa mtu wa video za usiku. mRNA ya chanjo hunakiliwa kiwandani kutoka kipande cha DNA. Baadaye DNA hiyo hukatwakatwa na kuchujwa, lakini uchujaji haufiki sifuri. Mabaki hupimwa kwa nanogramu, na mamlaka za udhibiti zimeweka kikomo. Chanjo nyingine zinazotengenezwa kwa kutumia seli hai nazo zina mabaki ya aina hiyo na vikomo vyake. Sura ya nne inaeleza namna yanavyopimwa, pamoja na ubishi wa vipimo wenyewe.

Juu ya vipimo, Kenya ina somo lake. Novemba 2014 maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya ujauzito. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF walikanusha, na hoja yao moja ilikuwa kwamba mashine zilizotumika zimetengenezwa kupima damu na mkojo, si chanjo, kwa hiyo namba zinazotoka humo hazisomeki. Ninaikubali hoja hiyo. Hata hivyo, naona ilitolewa kwa sauti ya watu waliokasirishwa na kuulizwa, na mwaka 2021 tuliilipia sauti hiyo.

Tuje kwenye usalama, neno nililolitumia vibaya ndani ya matatu. Usalama hauonekani kwa kuitazama orodha pekee. Unatafutwa kwa kuwahesabu watu. Jaribio kubwa la Pfizer lilikuwa na washiriki zaidi ya 43,000, nusu wakidungwa chanjo na nusu maji ya chumvi. Vituo vyake vya Afrika vilikuwa Afrika Kusini. Jaribio la Moderna lilikuwa na watu 30,000 na kitu. Matokeo yalitoka Desemba 2020: wagonjwa wenye dalili walipungua kwa asilimia 95 na 94, huku maumivu ya bega, uchovu, homa na kichwa vikiwapata wengi kwa siku moja au mbili. Kinga dhidi ya maambukizi ilikuja kupungua kadiri miezi ilivyopita na kirusi kilivyobadilika. Hilo nalo lilipaswa kusemwa mapema.

Lakini watu 40,000 hawatoshi kukuonyesha jambo linalompata mmoja katika laki. Hilo huonekana baada ya mamilioni kudungwa, endapo kuna mtu anayeandika. Kwa njia hiyo mzio mkali wa ghafla ulihesabiwa Marekani, takriban watu watano kwa kila dozi milioni. Huja upesi na hutibiwa kwa adrenalini, na hiyo ndiyo maana ya zile dakika 15 za kukaa kwenye benchi baada ya kudungwa, au 30 kwa mwenye historia ya mzio. Koti la ALC-0159 ni mmoja wa washukiwa. Kwa njia hiyohiyo, mwaka 2021, Israeli ikitangulia, iligunduliwa kwamba misuli ya moyo huvimba kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili. Kati ya vijana hao ni wachache katika kila 100,000, na wengi wao walipona kwa kupumzika. Korona yenyewe nayo huvimbisha moyo. Nchi kadhaa zilibadili ushauri wao kwa vijana kwa sababu ya hesabu hizo. Kwangu mimi huo ni uthibitisho kwamba daftari linafanya kazi. Wengine waliuona kuwa ni siri iliyofichuka. Tofauti ya mitazamo hiyo ndiyo nusu ya kitabu hiki.

Historia nitaipitia mbio, imeandikwa vizuri kwingine. mRNA ilitambuliwa mwaka 1961. Kwa miaka mingi ilipodungwa panya ilileta uvimbe, mpaka wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman walipoonyesha mwaka 2005 kwamba ukibadilisha herufi moja ya kemikali yake mwili hauifokei. Walipewa Nobeli mwaka 2023. Kwa hiyo "ilitengenezwa kwa mwaka mmoja" ni kweli ukihesabu kuanzia Januari 2020 maandishi ya kirusi yalipochapishwa, na si kweli ukihesabu kuanzia maabara.

Suala la nani anatutengenezea bado liko wazi. Machi 2022 Moderna ilikubaliana na serikali yetu kujenga kiwanda cha mRNA nchini. Aprili 2024 ikasimamisha mpango. Kenya pia ni miongoni mwa nchi sita za kwanza zilizochaguliwa kupokea ujuzi huu kutoka kituo cha mRNA cha WHO kilichoko Cape Town. Sura ya mwisho iko hapo, na ni fupi, kwa sababu kazi yenyewe bado ni changa.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nakuomba kitu. Kama ulichanjwa, itafute kadi yako, huenda iko kwenye bati moja na cheti cha kuzaliwa na risiti za mbegu. Kando ya tarehe muuguzi aliandika namba ya bechi kwa kalamu, pengine kwa mwandiko wa haraka. Yangu inasomeka kwa shida. Iweke karibu; kuanzia ukurasa wa tatu tutaifuata namba hiyo kurudi nyuma, kutoka benchi la kliniki hadi tangi la kiwandani.