Je, Wajua? Bonasi ya Mchezaji wa Zamani

Je, wajua kwamba kampuni ya poka ya mtandaoni haichezi dhidi yako? Anayecheza kwa simu akiwa Likasi, iwe Kikula, Panda au Shituru, hushindana na wachezaji wenzake. Kampuni hukata tu sehemu ya pesa zilizowekwa mezani, mara nyingi isiyozidi asilimia 5. Ashinde nani, yenyewe imeshalipwa.

Je, wajua makato hayo hula kiasi gani? Tuhesabu kwa dola, maana Katanga dola na franka hutembea pamoja. Watu sita wameweka dola 10 kila mmoja. Kila mzunguko unakusanya dola 4, kampuni inachukua senti 20. Mizunguko 300 ikipita, makato yametimia dola 60, yaani pesa yote waliyoingia nayo! Na hapo hatujawahesabu wachezaji hodari, ambao hushinda na kutoa faida yao. Pesa mpya isipoingia, meza inakufa. Ndiyo maana mteja wa zamani anapata ujumbe kwenye simu: weka 20, tukuongezee 20.

Je, wajua kwa nini poka inauhitaji ujumbe huo kuliko kasino? Mashine ya kasino inatosheka na mtu mmoja saa nane za usiku. Poka ya mtu mmoja haipo.

Je, wajua kwamba hiyo 20 ya nyongeza kwa kawaida hupewi siku hiyohiyo? Hufunguliwa kidogo kidogo kadiri unavyokatwa. Tuseme masharti yanataka ukatwe dola 100 ndipo uzipate zote 20. Basi ulichopewa ni punguzo la asilimia 20 la makato yako mwenyewe, na muda ukiisha kabla hujafika, kilichobaki kinafutwa. Kwa mchezaji hodari wa kila siku, punguzo hilo ni faida ya kweli. Kwa kijana anayeweka makuta yake ya wiki, linamvuta acheze kupita alivyokusudia, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Je, wajua ushindani wa kampuni hizi ulikolea lini? Poka ya pesa mtandaoni ilianza 1998 na Planet Poker. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, aliyeingia mashindano makubwa ya poka kupitia shindano la bei ndogo la tovuti ya PokerStars, aliyashinda mjini Las Vegas na kupata dola milioni 2.5. Wachezaji wakafurika. Na kwa kuwa mchezaji anaweza kuhamia kwingine kufuata bonasi ya kukaribishwa, kampuni humwekea ya kumfanya abaki.

Je, wajua kwamba salio la akaunti bado si pesa mkononi? Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba kampuni ya Full Tilt Poker ilidaiwa na wachezaji wake dola milioni 390 hivi, huku ikiwa na milioni 60 tu benki.

Je, wajua sharti la "mara 30" la kasino na pari za mpira? Bonasi ya dola 10 inakudai uchezeshe dola 300. Faida ya kampuni ikiwa asilimia 4, kwa wastani utapoteza 12, zaidi ya ulichopewa. Mwaka 2025 Tume ya Kamari ya Uingereza iliamua sharti hilo lisizidi mara 10: uchezeshe 100, hasara ya wastani dola 4. Na bonasi ni ileile.