Dubu, Panya na Pipa la Taka

Katuni za urafiki wa wanyama hunichosha mapema. Ernest et Célestine, filamu ya Ufaransa na Ubelgiji ya mwaka 2012, ilinikalisha mpaka mwisho.

Dubu wanaishi juu, panya chini ya ardhi, na kila upande unauogopa ule wa pili. Célestine, panya yatima, anasukumwa awe daktari wa meno ilhali yeye anapenda kuchora. Anatumwa juu kutafuta meno ya dubu, maana panya asiye na meno ya mbele hana maisha. Huko Ernest, dubu mwanamuziki, fukara mwenye njaa, anamkuta kwenye pipa la taka na karibu ammeze. Célestine anajiokoa kwa maneno: anamwelekeza kwenye ghala la duka la peremende. Mwanangu alicheka hapo kuliko popote.

Mimi nilibaki kwenye michoro. Imefuata vitabu vya Mbelgiji Gabrielle Vincent: rangi za maji, nyepesi, pembeni karatasi imeachwa tupu. Kompyuta haijaonyesha ubabe wake.

Halafu, wawili hao wakiisha kuwa marafiki na kukamatwa, zinakuja kesi mbili kwa mpigo, panya mbele ya dubu, dubu mbele ya panya. Moto unazuka, wasikilizaji wanatimua mbio, na mahakimu wanaokolewa na washtakiwa wao.