Natron: kiwanda kilichokwama kwenye maswali

Mtu anayetoka Kilosa, akapita kata ya Ulaya hadi Mikumi mjini, hukutana na barabara kuu iendayo Zambia. Akikata kushoto kuelekea Morogoro, mbele yake zipo takriban kilomita 50 za lami ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Atapanda na kushuka matuta, atapunguza mwendo kila baada ya muda mfupi, na atasoma kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama anayegongwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi ilihitaji njia ya kwenda Zambia kwa haraka na hapakuwa na sheria ya kumtaka mjenzi aeleze kwanza nyati, tembo na twiga wanavukia wapi. Matuta na faini vimekuja baadaye, kutafuta jibu la swali ambalo halikuulizwa kwa wakati wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, iliugeuza utaratibu huo. Mradi mkubwa hauanzi mpaka ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata cheti. Kanuni zilizofuata mwaka 2005 zinataka wananchi watangaziwe na wasikilizwe, na ripoti iwe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili na Kiingereza. Sheria hiyo ilikuwa bado changa ilipokutana na mtihani mkubwa mbali kabisa na Mikumi, katika nchi kame ya kaskazini mwa Mkoa wa Arusha: Ziwa Natron.

Ziwa hilo limelala katika Bonde la Ufa, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Mvua ni chache na jua ni kali. Maji yanaingia kutoka Mto Ewaso Ng'iro wa kusini, unaoanzia Kenya, na kutoka chemchemi za moto na vijito vya pembeni. Hakuna mto unaotoka. Kinachobaki baada ya maji kukauka ni magadi, yaleyale ambayo mpishi hutia kwenye maharage ili yaive upesi. Kwa mwenye kiwanda, magadi hayo yakisafishwa huwa malighafi ya kioo, sabuni na karatasi.

Kwa hiyo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Tata Chemicals ya India walipopendekeza kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi soda kwa mwaka, hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Nchi ina mali, eneo lina umaskini, vijana hawana kazi. Ripoti ya tathmini iliandaliwa na kampuni ya ushauri ya Norconsult ikatolewa mwaka 2007.

Upande wa pili wa mizani alisimama ndege. Heroe mdogo, ambaye wengi humwita flamingo, anaonekana Nakuru, Bogoria, Manyara na kwingineko, lakini katika Afrika Mashariki yote mahali pekee anapozaa kwa uhakika ni Natron. Idadi yao katika ukanda huu hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5, sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani. Hujenga viota vya udongo juu ya tabaka la magadi katikati ya ziwa, jike akitaga yai moja tu. Maji makali yaliyowazunguka ndiyo ukuta wao dhidi ya fisi na mbweha. Ukali huo si hadithi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya aliyekuwa mtaalamu wa ndege, alijaribu kuyafikia makazi hayo kwa miguu akipita kwenye tope la magadi. Miguu yake iliungua vibaya akaishia kulazwa hospitali.

Ukuta huo unategemea kina cha maji. Yakipungua mno, mnyama mla nyama anavuka. Yakizidi, viota vinazama. Mradi ulitaka kuvuta maji ya magadi kwa mabomba kutoka ndani ya ziwa, na pia ulihitaji maji baridi katika eneo ambalo wafugaji huyatafuta kwa mwendo mrefu. Juu ya hayo kulikuwa na umeme wa makaa ya mawe, barabara, reli ya kupeleka mzigo Tanga, na kambi ya wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya elfu moja. Mradi wa namna hii hauishii kwenye uzio wa kiwanda, na tathmini inayoishia hapo haijaugusa mradi wenyewe.

Hapo ndipo ripoti ilipobanwa. Natron imo katika orodha ya ardhioevu zinazolindwa na Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2001, na Februari 2008 ujumbe wa mkataba huo ulikuja kuangalia hali ilivyo. Mashirika ya uhifadhi ya Tanzania, Kenya na ng'ambo yalidai majibu. Je, ndege wakihama kwa kelele na mabomba, watazaa wapi? Mbadala upi umechunguzwa? Pakazungumzwa kukisogeza kiwanda mbali na ufuko, lakini magadi yangeendelea kuvutwa kutoka ziwa lilelile. Mwaka huo wa 2008 Tata wakajitoa.

Swali la ndege watazaa wapi lilikuwa na kumbukumbu yake. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, wakashindwa kutembea. Maelfu walikombolewa na watu walioingia ziwani kuzivunja pingu hizo, akiwemo mpigapicha wa filamu Alan Root. Wengine wengi walikufa.

Ziwa Magadi lina somo lingine, la fedha. Uchimbaji wa kibiashara hapo umeendelea kwa zaidi ya karne moja, na kiwanda chake kiliingia mikononi mwa Tata katikati ya miaka ya 2000. Upanuzi mkubwa wa wakati huo ulikuwa kiwanda kipya cha magadi soda safi. Mwaka 2014 kilifungwa, gharama ya nishati ikiwa miongoni mwa sababu. Jambo hili lilistahili uzito zaidi katika mjadala wa Natron. Ajira zilizoahidiwa ziliwekwa kwenye mizani kana kwamba ni za kudumu, wakati jirani, kwa bidhaa ileile na teknolojia ya wakati uleule, upanuzi haukumaliza hata miaka kumi. Heroe wakishaacha kuzaa, hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kuwarudisha.

Wazo halikufa. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alitaka mradi wa Natron usukumwe mbele, na kelele zikaanza upya. Kilichobadilisha mwelekeo ni Engaruka, bonde lililo kusini mwa ziwa wilayani Monduli, ambako NDC ilipata hazina kubwa ya magadi chini ya ardhi. Huo ndio mbadala ambao ripoti ya 2007 ilipaswa kuutafuta. Ulipatikana kwa sababu mlango wa kwanza ulifungwa.

Kwa msomaji wa kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, haya si mambo ya kaskazini peke yake. Reli ya kisasa imepita Kilosa kwa kutoboa milima, na kila kipande cha lami kinachojengwa katika wilaya hiyo kinahitaji kokoto na kifusi kutoka mahali fulani. Machimbo ya kokoto ni madogo ukiyalinganisha na kiwanda cha Natron, lakini sheria ni ileile, na mwenyekiti wa kijiji anayo haki ya kuuliza yaleyale. Maji yatatoka kijito gani wakati wa kiangazi? Malori yatapita wapi? Shimo litafukiwa na nani, kwa fedha zilizotengwa lini? Na muhtasari wa Kiswahili uko wapi?

Engaruka nayo haijapewa ruhusa ya kupita bila kuulizwa. Bonde hilo lina magofu ya vijiji na mifereji ya umwagiliaji iliyotumika karne kadhaa zilizopita, na wakulima wa leo bado wanalima kwa mfereji, kwa maji yanayoshuka kutoka milimani. Kiwanda cha magadi kinachopangwa huko nacho kitataka maji baridi. Wapimaji wa mradi wanapaswa kutoa hesabu ya maji hayo kwa mwezi wa ukame kabisa, siyo kwa wastani wa mwaka, na kuisoma mbele ya mkutano wa kijiji kwa Kiswahili na Kimaasai kabla mtambo wa kwanza haujashushwa.