Radi ya Boito na laita ya meko ni ndugu, tena wa damu

Ukibonyeza laita ya meko inalia "tak!" na cheche inaruka. Hiyo ni radi, ile size ya mtoto.

Hewa kawaida haipitishi stima. Lakini ukiisukuma na volti kama 30,000 kwa kila sentimita, inakubali yaishe na kugeuka waya. Laita inaruka kanafasi kadogo, so volti elfu kadhaa zinatosha.

Sasa piga hesabu ya wingu lililo kilomita mbili juu ya Boito. Kwa rate hiyo lingehitaji volti bilioni sita, na halina. Kwa hivyo radi haivunji hewa yote mara moja. Inashuka kwa hatua, kila moja kama mita 50, ncha yake ikichimba njia polepole (polepole ya radi, maze, usipepese macho). Ikikaribia chini, kitu kilichosimama juu kuliko vingine kinairushia cheche yake. Zikikutana, ampea kama 30,000 zinapita, na joto linapiga karibu digrii 30,000, mara tano ya uso wa jua.

Na inaweza kuenda mbali. Tarehe 22 Oktoba 2017, radi moja Marekani ilitembea ndani ya mawingu kilomita 829, karibu barabara yote ya Mombasa hadi Kisumu. Huko sayari ya Jupita, Voyager 1 iliona radi 1979.

Lakini huku kwetu Bomet na Kericho si story za mbali. Mchana upepo wa Ziwa Victoria unapanda milima, unakutana na ule wa mashariki, na mawingu yanaenda juu mbaya. Ndani yake barafu inagongana, na hapo ndipo chaji inatengana. Ndiyo maana mvua ya mawe na radi huku hutembea pamoja.

Mchuma chai yuko katikati ya majani yanayomfika kiunoni, so yeye ndiye mrefu hapo. Kukimbilia chini ya mti ni noma zaidi, ju stima ikipiga mti inaweza kumrukia, ama isambae ardhini. Ng'ombe huanguka hivyo: miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, stima inapanda huku inatokea kule, ikipitia moyo.

Ukiona mwanga, hesabu. Kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, weka kikapu chini uingie kwa nyumba ama gari lenye paa la chuma. Gambuti hazisaidii. Kitu imeruka kilomita mbili za hewa haiwezi kushindwa na soli.