Kuku aliyebakia Kamituga

Kila mchimbaji wa Kamituga anajua: jiwe jeupe halina bei. Lakini ukiliona kwenye ukuta wa shimo hauliachi, juu mara nyingi zahabu inatembea nalo.

Sisi wa sindika tunaandika leo habari ya kuku, na wengine watacheka. Shimo likijaa maji, nani analipa minerval? Ni mama, na kuku zake. Halafu ugonjwa wa Newcastle unapita. Mke wa mwenzetu mmoja alizika kuku kumi na moja kwa siku tatu. Alibakia mmoja tu, jike wa shingo bila manyoya. Majirani wakasema: shingo ndiyo imemuokoa.

Ni kweli? Hapo wenye elimu wanafanya kama sisi na lile jiwe. Kuku ana jozi 39 za kromosomu, ndizo kamba zinazobeba urithi. Alama mbili zikikaa karibu kwenye kamba moja, vifaranga wengi wanazirithi pamoja. Zikiwa mbali, zinaachana mara kwa mara. Wanahesabu vifaranga, familia kwa familia, na hesabu ile inakuwa ramani. Hutt, wa Marekani, alitoa ya kwanza ya kuku mwaka 1936. Mwaka 2004 ikasomwa orodha nzima ya kuku mwekundu wa porini, herufi kama bilioni moja.

Shingo wazi imeonekana kwenye kromosomu ya 3, na inamsaidia kuku kuvumilia joto. Lakini kusema inazuia Newcastle, kuku mmoja hatoshi. Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, kimeshirikiana na Wamarekani kuchunguza kuku wa kienyeji, Kuchi na Ching'wekwe wakiwemo: waliambukizwa, damu ikapimwa, urithi ukalinganishwa. Jibu halikuwa jeni moja. Ni sehemu nyingi, kila moja inasaidia kidogo.

Kwa hiyo bamama, chanjo ya tone la jicho msiache. Na kuku wa kienyeji msimalize wote kwa kuleta wa kizungu, juu utajiri huo ukizikwa hakuna shimo la kuufukua. Wakija kuchukua damu ya kuku zetu, tutauliza kama tunavyouliza kwa madini: faida inarudi wapi?

Yule jike anaatamia mayai tisa. Wamemletea bei nzuri, mama amekataa.